Saa Iliyohesabu Mikono

Tulimwita Honi kwa sababu toroli lake halikuwa na kengele. Kila alipokaribia kona ya korido alitoa sauti ndogo kwa midomo, pii, pii, kama mtoto anayecheza gari, na wauguzi walisogea ukutani bila hata kugeuza shingo. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye karatasi za ofisi tu. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye upara, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa moja: kuchukua mashuka machafu wodini na kuyaleta kwetu kwenye jengo la kufulia, kisha kuyarudisha wodini yakiwa masafi.

Mimi nilikuwa mkunjaji. Nilisimama kwenye meza ndefu karibu na dirisha, nikapokea mashuka yaliyotoka kukaushwa, nikayakung'uta na kuyakunja. Upande wangu wa kulia alikuwa dada wa pasi, mwanamke mwenye maneno mengi aliyesema kwa niaba yetu sote. Mimi si msemaji. Watu wakizidi watatu, ulimi wangu unalala.

Toroli lenyewe lilikuwa la chuma, refu kama kitanda, na gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linavuta upande. Ilibidi ulishike kwa mikono miwili, viwiko umevikaza, kifua umekiinamisha mbele kidogo. Ukilishika kwa mkono mmoja lilikwenda ukutani kama mlevi anayetafuta mlango. Honi alikuwa amelizoea. Wodi zilikuwa sita, mbili ziko juu, na huko alilipandisha kwenye njia ya mteremko huku mishipa ya shingo imemtoka. Safari kumi, kumi na mbili kwa siku. Viatu vyake viliisha kisigino kabla ya kitu kingine chochote.

Alikuwa na mke, ambaye mimi nilimwita shemeji. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu apigwe na kiharusi. Upande wa kushoto ulikufa wote na mdomo ukapinda, ila akili ilikuwa nzima. Watoto wao wawili waliohamia mbali walikuwa na maisha yao. Honi na shemeji waliishi kwenye chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi, nyuma ya matangi ya maji, ndani ya uzio ule ule wa hospitali. Muuguzi mmoja alikuwa amemwambia Honi kwamba mtu wa namna ile lazima ageuzwe kila baada ya saa tatu, la sivyo ngozi itakatika na kutoa vidonda ambavyo havifungi. Kwa hiyo Honi alimgeuza asubuhi kabla ya kuingia kazini, akaenda saa nne wakati wenzake tunakunywa chai, akaenda saa saba wakati tunakula, na akamgeuza tena alipotoka. Miaka mitatu, shemeji hakuwa na kidonda hata kimoja. Honi hakujisifu kwa jambo lolote isipokuwa hilo. Chumba kilikuwa cha kazi: aliye kazini ndiye aliye chumbani. Hilo kila mtu alilijua.

Halafu kazi ya kufua ikapewa kampuni. Sisi tulibaki, lakini msimamizi akaja mwingine, kijana mpole, mwenye kompyuta chini ya kwapa, anayesalimia kila mtu. Mwezi wake wa pili alileta boksi la saa. Zilikuwa za mpira, nyeusi, hazina mishale, zina kioo kidogo kinachowaka namba. Alitufunga mkononi mmoja mmoja kama anatupima shinikizo la damu. Akasema zinahesabu hatua. Tutazivaa wiki sita, kila Ijumaa atazichomeka kwenye kompyuta yake asome, na mwishoni kampuni itajua nani anajituma na nani ni wa kupunguzwa. Kisha akabandika tangazo mlangoni.

Honi alilisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "Mfanyakazi ambaye hatafikisha hatua elfu saba kwa siku atachukuliwa hatua." Akarudisha kidole mwanzo, akarudia. "Sasa hapa sijaelewa. Mtu hatua hazijamtosha, halafu hizo hizo chache alizonazo ndizo wanamchukulia?"

Dada wa pasi alicheka mpaka akaweka pasi chini. "Wewe wakikuchukulia hatua utarudi kutambaa, mzee."

"Mimi? Mimi mwisho wa mwezi mtaniomba niwagawie."

Hata sisi tuliona hivyo. Kama kuna mtu hakuwa na sababu ya kuogopa, ni yeye.

Ijumaa ya kwanza orodha ilibandikwa pale pale mlangoni. Jina langu lilikuwa juu kabisa: hatua elfu kumi na mbili na mia nne kwa siku. Dada wa pasi alikuwa na elfu tisa. Honi alikuwa wa mwisho. Elfu moja na mia moja.

Tuliisoma mara mbili, kisha kicheko kikatoka.

"Honi, kumbe toroli ndilo linakusukuma wewe?"

"Labda anapanda ndani, anajifunika shuka, wagonjwa wanamsukuma."

Honi alicheka nasi. Akaitikisa saa, akaiweka sikioni, ingawa haikuwa na mlio wowote. "Hii yangu imelala," akasema. "Itaamka."

Wiki ya pili haikuamka. Alipewa nyingine, nayo ikasema elfu moja na mia mbili. Hapo watu wakaanza kucheka kwa chini chini, kisha wakaacha kucheka.

Mimi niligundua Jumanne ya wiki ya tatu. Nilikuwa mezani tangu asubuhi, sijaondoka hata kwenda haja, nikatupia macho saa. Hatua elfu nne na mia sita. Nikafikiri nimesoma vibaya. Nikachukua shuka, nikalikung'uta, mikono juu, mikono chini, miguu nimeibana kwenye sakafu. Namba ikapanda. Nikakunja mara mbili, mara nne, ikapanda tena. Mashuka kumi yalinipa hatua sabini, nami nimesimama pale pale. Nikaangalia huku na huku kama mtu aliyeokota kitu sokoni.

Sikumwambia mtu siku ile. Nitasema kweli, namba ile ilinipendeza. Msimamizi alikuwa ananipita na kunishika bega, anasema, "Mkunjaji wangu." Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniweka juu ya orodha.

Siku mbili baadaye nilikwenda ofisini kupeleka furushi la mashuka ya chumba cha upasuaji yapigwe muhuri. Mlango ulikuwa wazi. Honi alikuwa amekaa mbele ya msimamizi, mikono magotini.

"Mzee, nataka uone mwenyewe," kijana alisema, akamgeuzia kompyuta. "Huu mstari ni siku yako ya Alhamisi iliyopita. Saa moja mpaka saa nne umelala chini. Hapa saa nne unapanda, hatua mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Halafu chini tena. Saa saba unapanda tena. Saa nne na saa saba unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kumgeuza mgonjwa wangu."

"Kwa hiyo muda pekee unaotembea ni ule unapotoka kazini."

"Baba, hayo mashuka yanafikaje hapa? Yanakuja yenyewe?"

"Sijasema hufanyi kazi. Nasema saa haioni."

"Basi ikapimwe macho."

Kijana alitabasamu, lakini macho yake hayakutoka kwenye mstari. "Saa ni zile zile kwa watu wote, mzee wangu. Mwangalie mkunjaji huyo hapo mlangoni. Meza yake moja, na ana elfu kumi na mbili. Angekuwa mtu wa visingizio, naye si angesema yuko mahali pamoja?"

Wote wawili wakanitazama. Niliweka furushi juu ya kiti, nikatoka.

Jioni nilimsubiri Honi karibu na matangi ya maji, nikamweleza. Hakukasirika kwamba nilikaa nalo siku mbili. Kesho yake, wakati wa chakula, aliporudi kutoka kumgeuza shemeji, tulikwenda kujaribu. Toroli lilikuwa limejaa. Alitazama saa, akasukuma kutoka mlango wetu mpaka wodi ya wanawake huku anahesabu kwa mdomo na mimi nahesabu pembeni. Hatua mia tatu na themanini. Saa iliongeza kumi na moja. Tukaliacha toroli pale, tukarudi mikono mitupu. Alitembea akiirusha mikono kama askari wa gwaride. Mia tatu na sabini na tano. Saa iliongeza mia tatu na sabini na mbili.

Alisimama mlangoni, akaishika saa kwa vidole viwili. "Haihesabu miguu," akasema. "Inahesabu mikono. Na yangu imeshikwa na kazi."

Baada ya hapo alihangaika. Alijaribu kusukuma kwa mkono mmoja ili wa pili upate kupunga. Toroli likaenda ukutani, likachubua rangi, na nusura limkumbe mgonjwa aliyekuwa anatembea na chupa ya maji yake ya mshipa. Mkuu wa wauguzi akamsema mbele za watu. Akajaribu kuivaa mguuni, akaunganisha mkanda kwa kipande cha glovu. Siku hiyo alipata elfu kumi na tano, na kwa mara ya kwanza nilimwona anasoma namba kwa furaha. Ijumaa msimamizi akaona mkanda umeungwa. Akasema saa ni ya mkononi, kuivaa kwingine ni kuichezea, akampa barua ya onyo.

"Nipe mimi niivae," dada wa pasi alimwambia. "Mkono huu saa yangu, mkono huu yako. Jioni unachukua elfu tisa zako zimenyooka, hazina kunyanzi."

"Halafu akiniuliza nilipita wapi, niseme nilipita juu ya pasi?"

"Sema ulipita popote, chumba kibaki."

Honi alitikisa kichwa. "Nimetembea za kwangu. Siwezi kuazima."

Alikwenda kumweleza msimamizi mwenyewe, taratibu, habari ya mikono. Alirudi, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Akakaa juu ya kapu la mashuka.

"Amenisikiliza vizuri tu," akasema. "Lakini anasema kila mwenye namba ndogo ana sababu yake. Mwenye namba kubwa ndiye hajaja kulalamika." Akaitazama saa yangu. "Mdogo wangu, mwenye namba kubwa ni wewe. Mimi nikisema ni kujitetea. Wewe ukisema, watasikia. Kikao ni Alhamisi ijayo, na bosi wa kampuni anakuja. Sema tu unavyokunja. Huna haja ya kunitaja."

Nikamwambia nitasema.

"Kweli?"

"Nitasema, kaka."

Wiki nzima nilijizoeza. Maneno yalikuwa machache: Mimi nikikunja shuka, saa inahesabu hatua, na nimesimama. Niliyasema njiani, niliyasema bafuni. Nyumbani niliyasema mbele ya kabati mpaka mke wangu akauliza ninagombana na nani humo ndani.

Alhamisi tulikaa kwenye ukumbi wa kulia chakula, watu kama arobaini, viti vimepangwa kwa mistari. Bosi alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani na faili, anaongea polepole. Honi alikaa mstari wa pili, shati amelipiga pasi. Mimi nilikuwa nyuma, nayarudia maneno yangu.

Msimamizi alieleza habari za wiki sita. Kisha akasema yuko mtu mmoja ambaye angependa wote tumfahamu, na akanitaja. Akaniita mbele. Sijui nilifikaje. Nakumbuka nilisimama karibu na meza, nikaona sura zote zinanitazama, na ya Honi katikati, ametulia kama mtu anayesubiri dawa.

Yule mama aliondoa miwani. "Elfu kumi na mbili kila siku," akasema. "Na meza yako, naambiwa, ni moja tu. Hebu tuambie, siri yako nini?"

Hakuna mlango ungeweza kufunguliwa wazi kuliko ule. Nilichotakiwa ni kujibu swali nililoulizwa. Nilifungua mdomo. Nikasikia sauti yangu, ndogo, inasema, "Ni kujituma tu, mama."

Wakapiga makofi. Honi naye alipiga, polepole, kwa kuwa wa kulia na wa kushoto wake walikuwa wanapiga. Kisha akainama, akaanza kufuta kitu kwenye goti la suruali.

Barua za kuachishwa kazi zilitoka Ijumaa. Watu watatu, Honi mmojawapo. Alipewa siku kumi na nne za kutoa vitu chumbani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini na shuka moja. Msimamizi alikuwa peke yake. Kwa mtu mmoja naweza kusema. Nilimwonyesha namba ya saa, nikasimama katikati ya chumba, nikakung'uta na kukunja, nikakunjua, nikakunja tena. Nikamwonyesha namba tena. Alichukua shuka kutoka mikononi mwangu, akalikung'uta mwenyewe mara kumi akiwa amevaa saa yake, tena nzuri kuliko zetu. Akatazama. Akakaa chini.

"Juzi mama alikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuuliza mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

Alikaa akikuna paji la uso. "Majina yameshapita. Nikimrudia leo kwamba saa haziko sawa, ataniuliza aliyezileta ni nani. Nilizileta mimi." Halafu, bila ukali, kama mtu anayefikiri tu, akauliza, "Na kule kujituma kwako, tutamwambia kulikuwa nini?"

Nililikunja lile shuka, nikalibeba, nikarudi mezani. Miezi michache baadaye saa zilikusanywa zote, zikarudi kwenye boksi. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Anayesukuma toroli sasa ni mwanamume mwingine, na kwenye zile kona analia "jamani, jamani" badala ya honi.

Siku ya kuhama nilikwenda kusaidia. Vitu vilikuwa vichache: kitanda, godoro, sufuria, kabati lisilo na mlango, redio. Gari la mizigo lilikuwa linasubiri nje. Walikuwa wanakwenda kwa dada yake shemeji, upande wa pili wa mji, mwendo wa saa moja na nusu. Tulipobaki na shemeji tu chumbani nilimwambia Honi kwamba nimemweleza msimamizi, na ameona kwa macho yake.

"Umemwambia lini?"

"Jumamosi."

"Kikao kilikuwa Alhamisi."

"Ndiyo, kaka."

Alikunja blanketi. Nilingoja aseme kitu kingine, hata anitukane. "Shika miguu," akasema. "Usimvute. Mnyanyue."

Tulimtoa shemeji kwa shuka, mmoja huku mmoja kule. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anatazama dari inavyopita, kisha mbingu.

Honi alipata kazi ya kulinda geti kwenye bohari moja. Anakaa kwenye kiti tangu kunapambazuka mpaka jua linazama. Anamgeuza mkewe kabla ya kuondoka na akirudi. Katikati hakuna mtu. Dada yake shemeji ni mwembamba, mgongo wake mbovu, na ana genge la mboga la kuangalia. Anajaribu, lakini anaishia kumvuta bega tu. Nilipokwenda mara ya kwanza, mwezi mmoja baadaye, kilikuwa kimetokea kidonda juu ya nyonga, cha ukubwa wa kifungo cha shati. Mara ya pili kilikuwa kimekuwa kama kiganja cha mtoto.

Sasa naenda kila Jumatano, siku yangu ya mapumziko. Honi simkuti, ameshatoka. Ila naona ameniwekea dawa na pamba juu ya stuli, na kitambaa safi. Tangu zile siku za kuhama hatujaongea zaidi ya salamu kwenye simu. Saa nne namgeuza shemeji kama nilivyokuwa namwona mumewe akifanya: goti moja likunjwe, mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, polepole aje upande wangu. Namsafisha kile kidonda. Kina harufu, naye anajua kina harufu, anageuza uso. Nakaa kwenye kigoda mpaka saa saba, namgeuza tena.

Jumatano iliyopita, nilipomaliza kumlaza, alinishika mkono kwa ule wake mzima.

"Kesho nani?" akauliza kwa nusu ya mdomo.

Nikamwekea mto nyuma ya mgongo, nikamwambia alalie kwanza upande huu.